Tuhifadhi Tunda, Si Supu

(Maneno haya yalisemwa na mama mumoja wa komite yetu ya chakula na afya, kwenye kikao cha mwezi hapa Baraka. Wengi waliomba yaandikwe ili waende nayo nyumbani. Tumeyaweka karibu sawa alivyoyasema.)



Komite ilinituma niongee juu ya mambo mawili. La kwanza: namna gani mutu anaweza kupika ile supu ya matunda ya baridi nyumbani kwake, ile tuliyoonja siku ya kufunga hesabu. La pili ni lile lililoleta maneno mengi: tuombe kongelateri ili tuiuze sokoni, ao tusiombe? Mukinisikiliza mupaka mwisho, mutaona kwamba yote mawili ni jambo moja.

Najua kuna baba wanaocheka. Kwetu supu ni ya nyama, ao ya samaki. Supu ya maembe ni kitu gani? Basi tuanze hapo.

Supu ya matunda ni chakula cha watu wa Ulaya ya kaskazini na ya kati. Hungaria wanaipika kwa matunda madogo mekundu yenye uchungu wa ndimu, wanatia krimu, wanaikunywa baridi wakati wa joto. Uswidi na Norwe wanaipika kwa matunda yaliyokaushwa, wanaifanya nzito kidogo kwa wanga wa viazi, na wanaila kama kitu cha utamu kisha chakula. Waswidi wanaiita fruktsoppa. Si chakula cha watu wasiotujua. Wamisionari wa inchi hizo mbili walijenga mashule na mahospitali katika Kivu yetu ya Kusini, na leo kila mutu hapa ambaye alipita Nyarugusu iko na dada, kaka ao jirani wa kambini aliyepelekwa kuishi kule kwenye theluji. Wakipiga simu wanatuambia wanakula nini. Ndiyo njia supu hii ilitufikia.

Sasa angalieni kitu kimoja. Inchi ile, miezi mingi ya mwaka, hakuna tunda linaiva. Basi walifanya nini zamani, mbele ya umeme? Walikausha. Tunda likipatikana kwa wingi, wanakata, wanakausha, wanaweka. Baridi ikija, wanalowesha ndani ya maji, wanachemusha, wanakula. Tena supu yao si lazima iwe baridi. Uswidi kuna mashindano makubwa ya kuteleza juu ya theluji, yanaitwa Vasaloppet, kilometa 90, na njiani wanawapa watu supu ya matunda ikiwa ya moto, wapate nguvu. Kwa hiyo siri ya supu hii si frigo. Siri ni tunda lililohifadhiwa vizuri. Shikeni neno hilo, nitalirudilia.

Na sisi je? Tuliporudi kutoka ng'ambo ya ziwa, wengine walikuta nyumba zimeanguka lakini miembe ya wazazi imesimama. Kila mwaka musimu ukifika, maembe yanaiva yote pamoja. Bei inaanguka. Watoto wanakula mupaka wanachoka, mbuzi wanakula, na yanayobaki yanaoza chini ya miti, nzi zinajaa. Miezi mitatu kisha hapo, mama anatafuta kitu laini cha kumupa muzee asiye na meno, ao mutu anayetoka kwenye malaria na bugali haipiti kwenye koo, na hakuna. Tulikuwa nacho, tukakiacha kioze. Hiyo ndiyo hasara ninayotaka tuizungumuze.

Tuingie jikoni.

Wao wanatumia wanga wa viazi. Sisi tuko na muhogo, na wanga wake unafanya kazi ileile. Lakini musitie unga wa bugali! Ule iko na nyuzi na harufu ya kuloweka, utaharibu supu. Chukua muhogo mutamu, kilo 2 hivi. Menya, osha, kuna kwa ile bati yenye matundu. Changanya na maji safi, kamulia ndani ya kitambaa safi. Maji meupe yanayotoka, yaache yatulie saa 4 ao zaidi. Wanga unashuka chini, maji yanabaki juu. Mwaga maji hayo, na usiyape mbuzi. Tia maji mengine safi, koroga, acha yatulie tena, mwaga. Kinachobaki chini ni wanga mweupe. Uanike kwenye jua juu ya kitambaa, ukikauka uusage kwa mukono, uweke ndani ya kopo lenye kifuniko. Kazi ya siku moja, inakutosha miezi.

Sasa supu yenyewe, ya watu 6 ao 8. Maembe makubwa 3 yaliyoiva lakini hayajaanza kuoza. Robo ya nanasi. Marakuja 4. Maji safi litri 1. Sukari vijiko vikubwa 4. Wanga vijiko vikubwa 2, vya kusawazisha, si vya kulundika.

Osha matunda yote mbele ya kuyamenya, hata kama ngozi utaitupa, sababu kisu kinabeba uchafu wa ngozi kuingiza ndani. Kata embe na nanasi vipande vidogo. Tia ndani ya sufuria na maji na sukari, weka juu ya mbabula, chemusha dakika 10. Mwenye kupenda laini aponde kwa mwiko, mwenye kupenda kutafuna aache vipande.

Wanga, usiumwage mukavu ndani ya sufuria ya moto, utafanya mabonge. Uchanganye kwanza na maji ya baridi, nusu kikombe, koroga. Kisha umimine polepole huku mukono mwingine unazungusha mwiko. Utaona supu inaanza kungaa na kuwa nzito. Ikitokota, tia maji ya marakuja uliyochuja, acha itokote tena mara moja, ondoa kwenye moto. Usiiache ichemke sana. Wanga wa muhogo ukipikwa muda murefu unavutika kama gundi, na ule uchungu wa marakuja unauvunja, supu inarudi maji. Ndiyo maana marakuja inaingia mwisho.

Lakini iingie ndani ya moto. Hakuna kitu kibichi kinaongezwa kisha sufuria kuondoka. Si tunda, si maji, si barafu. Na maziwa tusitie kabisa, sababu hatuko na pa kuyahifadhi.

Juu yake nyunyiza sukari kidogo. Hii wanafanya hata kule: inazuia ile ngozi inayojitengeneza juu supu ikipoa. Kuhusu utamu, mujue kwamba kitu cha baridi kinaonekana si kitamu kama kile cha moto. Wengine wataongeza sukari. Mimi nasema hapana, embe letu liko na sukari yake. Poza kijiko kimoja, onja, ndipo uamue.

Haya. Kupoza. Hapa naomba wote musikilize, hata baba wasiopika.

Funika sufuria. Iweke ndani ya beseni ya maji ya baridi, maji yafike nusu ya sufuria, yasiingie ndani. Maji yakipata joto, yabadilishe. Ukibadilisha mara tatu ao ine, ukikoroga katikati kwa mwiko safi, supu inapoa haraka. Ukitaka beseni iwe baridi zaidi, tumia maji yaliyolala usiku ndani ya mutungi wa udongo. Kisha kuleni. Si jioni, si kesho. OMS, lile shirika la afya la dunia, inafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kuwekwa kwenye baridi ya frigo. Sisi hatuna frigo. Basi supu yetu ni supu ya saa 2. Pika kidogo, poza haraka, kuleni, osha sufuria. Ikibaki, mwaga.

Nimesikia mama mumoja pale nyuma anasema: kumwaga chakula ni dhambi. Ninamuelewa, wote tulipimiwa unga kwa kopo kule kambini, tunajua thamani ya chakula. Lakini ndiyo sababu nimesema upike kidogo. Wanga na sukari na joto la hapa ni shamba zuri la microbe. Na ubaridi haumuui microbe, unamulaza tu. Akipata joto anaamuka.

Na barafu ninayoiona ikiuzwa ndani ya vifuko, munajua imetengenezwa kwa maji gani? Kama hujui, usiitie ndani ya supu. Microbe ya kolera inaweza kubaki ndani ya barafu ikiwa hai. Sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji kufundishwa kolera ni nini. Kutoka Uvira mupaka huku Fizi, inarudi karibu kila mwaka. Tumezika watu. Chama hiki kimelipa mbao za sanduku na chakula cha matanga. Hatuwezi kuchukua pesa ya matanga na mukono mumoja, na mukono mwingine tuuze kitu kinacholeta matanga.

Neno lingine kwa mama wenye watoto wadogo. Supu hii si dawa. Mutoto akiharisha, musimupe supu ya sukari mukidhani munamurudishia maji. Sukari nyingi inaweza kuongeza kuharisha. Mupe serumu ya kunywa, paketi moja ya SRO ndani ya litri 1 ya maji safi. Kama paketi hakuna, litri 1 ya maji safi, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Endelea kumunyonyesha, na umupeleke kwenye kituo cha afya, huko watamupa na zinki. Na mutoto ambaye hajatimiza miezi 6, chakula chake ni titi la mama peke yake. Supu ni ya wale wakubwa: muzee, mugonjwa anayepata nafuu, mugeni, siku ya furaha.

Sasa tufike kwenye kongelateri.

Ndugu waliotoa wazo lile wana nia nzuri. Walisema: tukipata kongelateri, tutauza supu baridi siku ya soko, faida itaingia katika sanduku la musaada. Mimi ninawauliza: usiku umeme ukikatika, ao betri ya jua ikiisha, nani atakaa macho? Kongelateri inayozimika usiku na kuwaka asubuhi ni hatari kuliko kukosa kongelateri, sababu asubuhi kitu kinaonekana kigumu tena na hakuna anayejua kwamba usiku kiliyeyuka. Na ikiharibika, fundi ni nani, na spea zitatoka wapi? Siku hiyo tutakuwa na sanduku la bati linalofugiwa kuku.

Wafadhili wetu munisamehe, najua kongelateri inapendeza kwenye picha. Lakini ninaomba chama kipeleke ombi lingine. Tuombe vichanja vya kukaushia matunda.

Hapa ndipo narudilia lile neno. Watu wa kaskazini hawakuhifadhi supu, walihifadhi tunda. Na sisi tufanye vile. Kichanja ni kitu cha mbao, seremala wetu wa hapa anakiweza. Kinainuliwa mita moja kutoka chini, kuku na mbuzi wasifike. Juu yake neti nyembamba iliyokazwa, na juu ya neti paa la plastiki linaloangaza, lenye nafasi pembeni hewa ipite. Neti hiyo inunuliwe mupya. Musilete ile ya kulalia: ile iko na dawa ya mbu, haigusi chakula, na watoto wanaihitaji kitandani.

Embe linamenywa, linakatwa vipande vyembamba, nusu santimeta, vyote unene sawa. Mikono imeoshwa kwa sabuni, kisu kimeoshwa. Vipande vinapangwa visigusane, vinageuzwa, jioni vinaingizwa ndani. Jua likiwa zuri, siku 2 ao 3. Kipande kilichokauka unakikunja, hakivunjiki, na ukikibana hakitoi maji. Kikitoa maji bado, kitaota ukungu. Kisha unaweka ndani ya vyombo vinavyofungwa kabisa, mahali pakavu penye kivuli, na kinakaa miezi.

Kuna mutu ataniuliza, na ana haki: maembe yetu yanaiva wakati mvua imeanza, utakausha namna gani? Ndiyo maana naomba paa la plastiki, si mukeka chini ya jua. Na siku mvua haikatiki, hatukatakata maembe siku hiyo. Tunaanza kidogo, kilo chache, tuone. Kiangazi tunakausha ndizi na nanasi, kazi hiyo ni rahisi zaidi. Kwa kuhifadhi matunda mabichi siku chache, kuna na njia ya chungu ndani ya chungu, katikati muchanga wenye maji. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria aliieneza kule kwao na ikamupa zawadi kubwa ya kimataifa mwaka 2000. Lakini ile inafanya vizuri penye hewa kavu. Hapa kando ya ziwa, wakati wa mvua, inasaidia kidogo tu. Tuitumie kwa matunda na maji ya kunywa wakati wa kiangazi. Kwa supu hapana.

Ukiwa na embe kavu, supu unapika mwezi wowote. Gramu 200 za vipande, unaloweka usiku ndani ya litri 1 na nusu ya maji yaliyochemushwa, chombo kimefunikwa. Asubuhi unachemusha na maji yaleyale dakika 20, wanga vijiko 2 sawa nilivyosema, sukari kijiko kimoja ao usitie. Ukipoza, vizuri. Ukimupa muzee ikiwa ya moto, vizuri pia. Na cha kuuza sokoni tutakuwa nacho: tutauza embe kavu, ndani ya vifuko safi vilivyofungwa. Haliyeyuki, halingojei umeme, na likikosa munuaji leo, kesho bado ni chakula.

Kwa hiyo naleta mbele ya kikao mapendekezo matatu, muyapigie kura.

Moja: chama kisiuze supu wala juice baridi kwa jina lake mupaka tuwe na maji ya uhakika na baridi isiyokatika. Kwenye mikutano yetu supu itapikwa asubuhi ileile, na italiwa ndani ya saa 2.

Mbili: ombi la kongelateri liwekwe pembeni, tuombe vichanja 4, mabeseni, sufuria zenye vifuniko, bidoni za maji zenye mudomo mwembamba, sabuni na vidonge vya klore. Hesabu ya kila franka itasomwa hapa mbele ya wote, na itaandikwa katika jarida hili, wafadhili nao waione.

Tatu: mama 6 wafundishwe kutengeneza wanga na kukausha matunda, kisha kila mumoja afundishe nyumba 5 za jirani. Na baba wajifunze pia. Muembe haujauliza nani ataokota.

Nimemaliza. Sufuria iko pale kwenye meza, imetoka kwenye beseni sasa hivi, imefunikwa. Bakuli zimeoshwa kwa maji ya klore. Maji ya kunawa mikono na sabuni viko mulangoni. Muanze huko, ndipo mukuje kuonja.

(Kikao kilikubali pendekezo la kwanza na la tatu kwa kura zote. La pili lilipita kwa kura nyingi, na waliolipinga waliomba jambo la kongelateri lizungumuzwe tena kisha musimu wa maembe. Komite imekubali.)